Kuiamsha pinboli ya zamani iliyolala miaka

Pinboli ni mashine ya mchezo wa kupiga gololi kwenye ubao ulioinama. Zilizotoka Chicago kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1970, ziwe za kampuni za Gottlieb, Williams au Bally, nyingi hazina kompyuta. Alama zinahesabiwa na relei (swichi zinazovutwa na umeme), koili (waya uliozungushwa unaogeuka sumaku ukipata umeme) na magurudumu ya namba. Pinboli mpya ina skrini na mbwembwe chungu nzima, lakini bodi yake ikifa huoni kitu. Hii ya zamani ukiifungua inakuonyesha yenyewe inapoumwa.

Soma kwanza kibandiko cha transfoma. Mashine ya soko la Marekani inataka volti 120; kama soketi yako ni ya volti 240, tumia transfoma ya kushusha umeme isiyopungua wati 500. Kisha chomoa kila fyuzi usome namba yake. Mara nyingi kuna mtu alishaweka fyuzi kubwa kupita kiasi, au akaizungushia karatasi ya fedha ya sigara. Fyuzi ya namna hiyo haikatiki; inaungua koili.

Umeme ukiwa umechomolewa, nenda kwenye swichi, kwa sababu ugonjwa mwingi uko huko. Kila swichi ni vibati viwili vyembamba vyenye vidoti mwishoni. Chovya kipande cha kadi ngumu kwenye spiriti, kibane katikati ya vidoti, vuta mara tatu nne. Vikiwa vimeungua, pitisha tupa laini sana mara mbili, basi. Msasa unakula fedha ya vidoti na kuacha chembechembe. Swichi iliyo wazi iache nafasi ya milimita 1 hadi 2, na ikifunga kibati kipinde kidogo ili vidoti visuguane; ndivyo vinavyojisafisha. WD-40 weka mbali: mafuta yake yanakamata vumbi, na cheche za relei zinaweza kuyawasha.

Flipa, vile vibawa vya kupigia gololi, ndizo roho ya mchezo tangu Gottlieb walipoziweka kwenye mashine yao ya Humpty Dumpty mwaka 1947. Koili yake ina nyaya mbili: nene ya kupiga na nyembamba ya kushikilia. Swichi ya mwisho wa mwendo hukaa imefunga, na flipa ikifika juu inafunguka kama milimita 3 ili waya mwembamba uupunguze umeme. Isipofunguka, koili inatoa moshi ukishikilia kitufe. Ikiwa chafu, flipa inalegea hata kabla haijapiga, na watu hukimbilia kununua koili bure. Bomba la plastiki ndani ya koili lioshe au libadilishe, usilitie grisi.

Ukibonyeza kuanza, mota ikazunguka bila kusimama, tazama magurudumu ya alama. Mashine inayasukuma yote hadi sifuri; moja likikwama, au swichi yake ya sifuri isipobadilika, mota itasubiri hadi kesho. Lisukume kwa kidole: likifika sifuri na mota ikasimama, umempata mgonjwa. Kwa kawaida ni grisi ya zamani iliyoganda kama gundi.

Pete za raba zibadilishe zote kwa pamoja. Badala ya balbu za namba 44 weka za 47: zinakula ampea 0.15 badala ya 0.25, na joto dogo linaiokoa rangi ya kioo cha mbele. Gololi ya milimita 27 ikiwa na kutu itupe, maana inasugua ubao.

Mwisho, mwinuko. Mashine mpya huinamishwa kama nyuzi 6.5, hii iweke karibu na 3.5, la sivyo gololi itateremka kasi kuliko nguvu ya flipa. Mchezo ukikatika wenyewe, angalia timazi linaloning'inia ndani ya pete ubavuni mwa kasha: huenda limegusa pete, na kusawazisha miguu kwa pima maji kunatosha.