Usianze na lori: namna ya kuhama kutoka dizeli kwenda gesi ya samadi

Mpwa wangu ana malori sita. Mengi yanavuta makontena kutoka bandari ya Long Beach kwenda maghala ya Ontario na Fontana, huku kusini mwa California. Mwezi uliopita alinipigia saa nne usiku: "Shikamoo Mjomba. Nimeletewa bei ya malori matatu ya gesi, nisaini?" Nikamuuliza, gesi utajaza wapi? Kimya. Paa la gereji yako likoje? Kimya zaidi. Nikamwambia weka kalamu chini, njoo Jumamosi na daftari lako la safari, pilau ipo.

Niliyomwambia siku hiyo ndiyo haya. Mimi nilianza kama utingo njia ya Tanga na Arusha, sasa nasimamia karakana yenye malori 41 ya gesi, na makosa karibu yote yaliyomo humu nimeyafanya mwenyewe.

Tuanze na gesi yenyewe, maana hapo ndipo wengi wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Gesi jadidifu ni methani inayotoka kwenye dampo la taka, kwenye samadi ya ng'ombe wa maziwa, au kwenye mitambo ya maji taka. Ikiachwa ipae, joto inalolishika angani ndani ya miaka 100 ni kama mara 28 ya lile la hewa ukaa ya uzito uleule. Kwa hiyo wanaifunika, wanaikusanya, wanaitoa hewa ukaa na ile gesi inayonuka mayai viza, kisha wanaisukuma kwenye bomba la kawaida. Humo inachanganyika na gesi ya visimani na hakuna wa kuzitenganisha tena. Ni kama kutuma fedha kwa simu: unampa wakala wa Tanga, ndugu yako anatoa Mwanza, na noti anazopokea si zile ulizotoa wewe. Kinachokupa haki ya kusema lori lako linatumia gesi ya samadi ni karatasi. Injini haijui tofauti, kama ambavyo bajaji ya Dar inayotumia gesi ya Songo Songo isingejua. Maana yake kwako ni mbili. Unaweza kuanza na gesi ya visimani leo na kuhamia ya samadi kesho kwa kusaini mkataba tu, bila kugusa spana. Na unaweza kuchora jani la kijani mlangoni ukawa bado unachoma gesi ya visimani, kwa sababu hukusaini.

Swali la pili la mpwa wangu lilikuwa: kwa nini tusifunge mitungi kwenye malori niliyo nayo, kama mafundi wa Dar wanavyofanya kwa Toyota? Kwa sababu Toyota ile ya petroli ina plagi tayari. Dizeli huwaka kwa kubanwa tu. Methani inakataa, inataka joto la zaidi ya nyuzi 500 ili ijiwashe yenyewe. Ipo mifumo ya kuchanganya dizeli na gesi, lakini huku kila mfumo lazima uwe na cheti cha hewa safi, na sijawahi kuona hesabu yake ikimlipa mwenye malori sita. Nunua lori lililozaliwa na gesi. Kwa mizigo mizito injini utakazokutana nazo ni za Cummins: ile ya lita 12 yenye nguvu za farasi 400, na X15N ya lita 15, iliyoingia sokoni Marekani 2024 na inafika farasi 500. Hazina AdBlue, ile dawa ya kusafisha moshi wa dizeli, hazina kichujio cha masizi cha kuchomwa kila mara. Moshi unapita kwenye katalaiza inayofanana na ya gari dogo, basi. Mafundi wangu hakuna aliyeikumbuka AdBlue.

Bei ndiyo inayouma. Lori la gesi linazidi la dizeli kwa makumi ya maelfu ya dola, na kodi ya shirikisho ya asilimia 12 kwenye malori mazito inapigwa kwenye bei nzima, pamoja na mitungi. Karatasi aliyoletewa mpwa wangu ilimhesabia pia nafuu ya senti 50 kwa galoni kutoka serikali kuu. Nafuu hiyo iliisha mwishoni mwa 2024. Muuzaji akiiweka kwenye hesabu yake, mrudishie karatasi aifute, kisha uone kama bado anatabasamu.

Sasa kazi. Chukua safari zako zote za miezi mitatu na uzipange kwa maili za siku. Usitumie wastani; wastani ndio ulioniangusha. Tafuta siku mbaya kuliko zote: mzigo mzito, mlima, foleni, jua. Kisha piga hesabu kwa gesi. Gesi inauzwa kwa galoni-sawa, yaani uzito wa gesi wenye nguvu ya galoni moja ya dizeli, paundi 6.38. Injini ya plagi hula zaidi kuliko dizeli, weka asilimia 10 hadi 15. Malori yetu yaliyokuwa yakienda maili 6.8 kwa galoni sasa yanakwenda 5.9. Halafu usiamini ukubwa wa mtungi ulioandikwa kwenye karatasi. Kilichoandikwa galoni-sawa 120 hakikupi 120 barabarani, kwa sababu huwezi kuunyonya hadi sifuri, na kwa sababu ya joto.

Hili la joto nilifundishwa na Julai. Gesi ikisukumwa kwa haraka ndani ya mtungi inapata moto. Geji inasema psi 3,600, umejaa, dereva anaondoka. Ikipoa, shinikizo linashuka, na unagundua kwamba ulinunua kama robo tatu ya ulichofikiri. Tulituma lori Las Vegas kutoka Fontana, kwenda na kurudi maili kama 440. Daftari lilisema linatosha na chenji inabaki. Lilizimika karibu na Victorville, kabla hata ya kuanza kuteremka mlima wa Cajon, mchana wa nyuzi 41. Dizeli ikiisha unampelekea dereva dumu. Gesi huipeleki kwenye dumu. Tulilipa breki dauni, mteja alipokea mzigo usiku, na mzee yule dereva hakunisemesha hadi Ijumaa. Tangu hapo kanuni yangu ni moja: safari ya kwenda na kurudi isizidi theluthi mbili ya uwezo ulioandikwa, la sivyo kuwe na kituo njiani ambacho nimekijaribu mwenyewe na lori lenye trela. Nasema na trela kwa sababu vituo vingine vimejengwa kwa ajili ya mabasi na magari ya taka. Ukiingia na futi 53 nyuma yako, kutoka ni rivasi na dua.

Njia za mpwa wangu za bandarini zilifaa vizuri: fupi, zinarudi nyumbani kila usiku. Malori yake mawili yanayokwenda Arizona tuliyaacha kwenye dizeli.

Kujaza kuna namna mbili. Ya haraka ni kama ya dizeli, dakika kumi hadi ishirini, unalipia kituoni. Ya polepole unajenga uwanjani kwako: malori yanaegeshwa usiku, kila moja linachomekewa bomba lake, na kompresa ndogo inayajaza yote kwa pamoja hadi alfajiri. Kwa sababu gesi inaingia taratibu haipati moto sana, na asubuhi lori limejaa kweli. Lakini kompresa, kikaushio na umeme wake ni mradi mzima, na bili ya umeme hapa ina adhabu ya saa za kilele, hivyo lazima iwekewe saa. Mwenye malori matatu asijenge. Atafute kituo kisichozidi dakika kumi kutoka njia yake, na cha pili cha akiba, maana kompresa nazo huharibika, na ikiharibika mtapanga foleni nyote.

Uzito nao uhesabu. Mitungi na chuma chake inaongeza kati ya paundi elfu moja na elfu mbili. Mizani za barabara kuu zinakomea paundi 80,000, ila sheria inaruhusu lori la gesi lifike 82,000 kufidia uzito huo. Dereva awe na nakala ya kifungu hicho kwenye droo. Kuna askari wa mizani wanaokijua na kuna wasiokijua.

Paa sasa. Dizeli ikivuja inakimbilia sakafuni. Unaiona, unamwaga mchanga. Methani ni nyepesi karibu nusu ya hewa, inapanda na kujikusanya pembeni mwa dari, mahali ambapo karakana nyingi huku zimetundika hita za moto na taa za zamani. Ikifika asilimia 5 ya hewa, inawaka. Kwetu zilikuwepo hita mbili za aina hiyo, nyekundu kama jiko la mkaa, na nilikuwa nimeshaingiza lori la kwanza ndani. Mkaguzi wa zimamoto alisimama mlangoni, akatazama juu, akatazama lori, akaniuliza kwa upole kabisa: "Ni nani aliyeidhinisha hili?" Lori likatoka. Ilituchukua miezi minne kuweka vitambuzi vya gesi darini, feni zinazojiwasha vikilia, na hita za aina nyingine. Miezi minne hiyo tulitengeneza malori ya gesi nje, juani. Mwite mkaguzi kabla ya kuagiza lori, mwonyeshe jengo, pata kwa maandishi anachotaka. Kama umepanga jengo, mwenye nyumba naye akubali kwa maandishi.

Mkataba wa gesi unahitaji mwanasheria, ila maswali uende nayo wewe. Gesi ya samadi inazaa krediti, yaani vyeti vya mafuta safi vinavyouzwa kwa fedha, za aina mbili: za shirikisho, ambako tangu 2014 biogesi inahesabiwa kwenye kundi lenye thamani kubwa, na za California, kwenye mpango wa mafuta yenye kaboni kidogo ulioanza 2011. Huko California gesi ya ng'ombe wa maziwa hupewa alama ya kaboni iliyo chini ya sifuri, kwa kuwa methani ile ingepaa. Fedha hizo kwa kawaida anazikusanya muuzaji wa gesi, na wewe unapata fungu kwa kadiri ulivyoelewana naye. Muulize: nitapata punguzo lisilobadilika, au asilimia? Krediti zikishuka, nani anabeba? Zinashuka kweli: mwanzoni mwa 2020 krediti moja ya California ilikuwa karibu dola 200, na 2024 ilikuwa chini ya 80. Mpwa wangu nilimshauri achukue punguzo lisilobadilika ingawa dogo, kwa sababu ana mkopo wa benki wa kulipa kila mwezi. Wakubwa wanaweza kucheza. UPS, kampuni ya kusafirisha vifurushi, mwaka 2019 ilitangaza kununua galoni-sawa milioni 170 hadi 2026. Wenye malori sita hukaa chini ya mwavuli wa kituo.

Kabla ya kusaini chochote cha bandarini, uliza pia masharti ya usajili yako wapi leo. California ilitaka malori mapya ya bandari yasitoe moshi kabisa kuanzia 2024, kisha Januari 2025 bodi yake ya hewa ikaondoa ombi la kibali cha shirikisho. Mambo haya hayakai mahali pamoja.

Lori likishafika, matunzo hayatishi. Oili iwe ya injini za gesi, si ile ya pipa la dizeli lililobaki. Majivu yake yanaharibu vali na plagi. Plagi na koili badilisha kwa tarehe ya kitabu, usingoje ikohoe. Mitungi ikaguliwe kama lebo inavyosema; ya kwetu inasema kila miezi 36 au maili 36,000, chochote kitangulie, na lori la maili 90,000 kwa mwaka linafika hapo ndani ya miezi mitano. Dereva akisikia harufu ya gesi azime, afunge vali ya robo mzunguko, asiguse swichi nyingine, ashuke, aende mbali, ndipo apige simu.

Na kila asubuhi kuna kichujio cha gesi, chupa ya chuma ya ukubwa wa thermos. Funga vali, acha injini iendelee hadi ijizimie yenyewe, weka kopo chini, fungua kikoki taratibu. Kinachotoka ni oili ya kompresa ya kituo na maji kidogo, kahawia kama chai ya jana. Jumamosi ile nilimpa mpwa wangu kopo afungue mwenyewe. Yakatoka matone matatu.

"Haya tu, Mjomba?"

Haya tu. Siku yakitoka nusu kikombe, kompresa ya kituo imekufa pete, nawe usijaze tena pale. Nipigie hata iwe saa nane usiku.