Jedwali la Kukumbuka Siku za Kuzaliwa na za Ndoa: Namna ya Kulitengeneza kwa Kompyuta

Ukoo ambao nusu yake iko Tabora mjini, wengine wako Urambo na Sikonge, na waliobaki wametawanyika kufuata njia ya reli hadi Kigoma, hauwezi kutegemea kichwa cha bibi mmoja kukumbuka nani alizaliwa lini na nani alifunga ndoa tarehe ngapi. Kazi hiyo inaweza kufanywa na kompyuta ya kawaida, wala hakuna haja ya kununua programu maalumu. Lahajedwali, yaani programu ya kupanga maneno na namba katika safuwima na mistari, inatosha, iwe Excel au LibreOffice Calc inayopatikana bure, na inaishinda simu kwa jambo moja: ukoo mzima unaonekana kwenye ukurasa mmoja ambao unaweza kuchapwa na kubandikwa ukutani.

Anza kwa kukusanya tarehe kabla ya kuwasha kompyuta, kwa sababu hapa ndipo penye kazi yenyewe. Za watoto zimo katika vyeti vya kuzaliwa na vya ubatizo, na za ndoa zimo katika vyeti vya ndoa. Za wazee ni jambo jingine. Tarehe iliyo kwenye kitambulisho cha mzee huenda ilipangwa tu mezani siku ya kujaza fomu, kwa hiyo keti naye umuulize alizaliwa wakati wa tukio gani. Mzee wa Ujiji anayesema kwamba alizaliwa mwaka wa Uhuru amekupa 1961, na shangazi anayekumbuka kwamba alijifungua wakati vijana walipokuwa wamekwenda vita vya Kagera amekupa mwisho wa 1978 au mwanzo wa 1979. Siku na mwezi vikikosekana kabisa, mwombe mzee achague mwenyewe siku anayoipenda, nayo iandikwe. Ni afadhali siku aliyoichagua yeye kuliko ile aliyochaguliwa na karani.

Sasa fungua faili jipya na uandike vichwa vya safuwima katika mstari wa kwanza: A iwe Jina, B Tarehe, C Tukio, D Tarehe ya mwaka huu, E Siku zilizobaki, F Siku za maandalizi, na G Miaka. Kila tukio lichukue mstari wake, hata kama mtu ni yuleyule. Siku ya kuzaliwa ya mjomba na siku ya ndoa yake ni mistari miwili.

Katika safuwima B makosa ni mengi kuliko mahali pengine pote. Kompyuta nyingi hutoka dukani zikiwa na mpangilio wa Kimarekani, ambao hutanguliza mwezi, kwa hiyo ukiandika 7/5/1990 kwa kukusudia tarehe 7 Mei, yenyewe huelewa tarehe 5 Julai na haitakuambia lolote. Njia salama ni kutanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kwa mfano 1990-05-07, kwani mpangilio huo hauna utata. Andika mwaka kwa tarakimu zote nne. Ukiandika 28 pekee, programu inaweza kudhani kwamba babu atazaliwa mwaka 2028. Ukimaliza, tazama seli, yaani vyumba vya jedwali, zinavyojipanga: tarehe iliyoeleweka huegemea kulia, na iliyochukuliwa kuwa maneno tu huegemea kushoto, nayo lazima iandikwe upya. Kwa mtu ambaye siku na mwezi wake vinajulikana lakini mwaka haujulikani, tumia 1904, mwaka wenye tarehe 29 Februari, na uiache seli yake ya G ikiwa tupu.

Katika seli D2, yaani safuwima D mstari wa pili, andika fomula hii, inayoihamisha tarehe ya zamani na kuileta mwaka huu:

=DATE(YEAR(TODAY()),MONTH(B2),DAY(B2))

Katika E2 andika hii, inayohesabu siku zilizobaki na kurukia mwaka ujao ikiwa siku yenyewe imekwisha kupita:

=IF(D2>=TODAY(),D2,DATE(YEAR(TODAY())+1,MONTH(B2),DAY(B2)))-TODAY()

Na katika G2 andika hii, inayokupa idadi ya miaka itakayotimia siku hiyo:

=YEAR(TODAY()+E2)-YEAR(B2)

Programu ikizikataa fomula hizi, badilisha kila mkato uwe nukta mkato, kwa kuwa baadhi ya mipangilio ya lugha hudai hivyo. Iwapo E2 itaonyesha tarehe ya ajabu ya miaka ya 1900, fomula yako haina kosa. Ibadilishe tu seli hiyo iwe katika muundo wa namba. Kisha shika kijiraba kilicho kwenye pembe ya chini kulia ya kila seli na ukiburute hadi mwisho wa orodha. Aliyezaliwa tarehe 29 Februari atahesabiwa tarehe 1 Machi katika miaka ya kawaida, na atarudishiwa siku yake halisi katika mwaka mrefu.

Safuwima F ndiyo inayolifanya jedwali hili lifae watu wanaoishi mbalimbali. Anayehitaji kupigiwa simu tu mwekee 1. Anayepelekewa dumu la asali Kigoma, naye arudishe dagaa kama ilivyo desturi, mwekee 10, maana mzigo una safari yake na msafiri wa kuubeba hapatikani siku moja. Ndoa inayotimiza miaka 25, ambayo itahitaji kikao na michango, mwekee 90. Baada ya hapo chagua mistari yote kuanzia wa pili, fungua sehemu ya uumbizaji wa masharti (Conditional Formatting), andika sharti =$E2<=$F2 na uchague rangi inayoonekana vizuri. Kila tukio ambalo muda wake wa maandalizi umefika litajipaka rangi lenyewe. Unaweza pia kuyapanga matukio kwa safuwima E ili ya karibu yakae juu, lakini chagua jedwali zima kabla ya kupanga, la sivyo majina yatabaki mahali pake huku tarehe zikihama.

Hesabu hii yote inategemea saa ya kompyuta yenyewe. Katika kompyuta kuukuu ya mezani, ile betri bapa inayofanana na sarafu ikifa, kila umeme unapokatika tarehe hurudi nyuma miaka mingi, na jedwali huendelea kukokotoa kwa utulivu kabisa, likikosea kila mstari. Itazame tarehe iliyo kwenye pembe ya skrini kabla ya kuliamini jedwali. Ikiwa hurudi nyuma mara kwa mara, badilisha betri. Katika kompyuta nyingi huwa ni CR2032, na hakuna haja ya fundi kuitoa.

Faili lisilofunguliwa halimkumbushi mtu. Katika Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika shell:startup, na katika folda itakayofunguka weka njia ya mkato ya faili lako, ili lijifungue kila kompyuta inapowashwa. Wasio na kompyuta nyumbani waliweke kwenye flashi, na kila mwanzo wa mwezi wachape ukurasa wa juu katika duka la steshenari. Lakini usiliache faili kwenye kompyuta ya duka, kwa sababu watu wengi hutumia tarehe zao za kuzaliwa kama namba za siri.

Familia zinazohesabu kumbukumbu kwa mwaka wa Kiislamu zisitumie fomula hizi kwa matukio hayo, kwa kuwa mwaka huo ni mfupi kwa siku kama 11. Tarehe zake ziandikwe upya kila mwaka katika ukurasa wa pili. Arobaini ni nyepesi zaidi: ikiwa hesabu inaanzia siku ya kifo yenyewe, ongeza 39 kwenye tarehe hiyo.

Mtu akifariki, usiufute mstari wake wa kuzaliwa. Weka -1 katika safuwima F ili usijipake rangi tena, kisha ongeza mstari mpya wenye tarehe ya kifo, na katika Tukio uandike kumbukumbu.