Ukienda Strömstad, usiende Jumamosi

Kama unaijua Busia ama Namanga, basi Strömstad ushaielewa nusu. Ni kamji ka Uswidi pwani ya magharibi, karibu kabisa na mpaka wa Norwe, na wikendi Wanorwe wanamiminika huko kununua nyama, soda, peremende na sigara juu kwao hizo vitu ni ghali ajabu. Hiyo safari wenyewe wanaiita harrytur, yaani safari ya kishamba, ni kujicheka tu. Alhamisi kabla ya Ijumaa Kuu ndio mbaya zaidi, hata usijaribu.

Anza na viza. Schengen ni moja kwa nchi zote mbili, lakini unaomba kwa ile nchi utalala siku nyingi, na bima iwe ya angalau yuro 30,000. Majibu huchukua siku 15 hivi na saa ingine zaidi, so peleka fomu mapema.

Kufika sasa. Watu wakisikia Uswidi wanakata tiketi ya Stockholm, na Oslo iko karibu zaidi! Ukishukia Göteborg, mji mkubwa wa Uswidi upande huo huo wa magharibi, kuna treni, panda mpaka reli iishe, hapo ndio Strömstad. Ama uanzie Sandefjord upande wa Norwe uvuke na feri, masaa mawili na nusu hivi, na juu Norwe haiko EU humo ndani wanauza vitu bila ushuru.

Pesa ya Uswidi na ya Norwe zote zinaitwa krona ama krone lakini si pesa moja, usichanganye. Noti acha, beba kadi, M-Pesa sahau. Divai na pombe kali ya kubeba nenda duka la serikali, Systembolaget, Jumapili limefungwa na chini ya miaka 20 huuziwi.

Lakini mimi nikikushauri, maduka waachie Wanorwe, wewe panda feri ndogo uende visiwa vya Koster. Magari ya wageni hayaruhusiwi, unakodi baiskeli unazunguka, na bahari yote hapo ni Kosterhavet, mbuga ya kwanza ya baharini Uswidi, ilifunguliwa 2009. Kula kamba wao wadogo, unawamenya mwenyewe unaweka kwa mkate na mayonizi, watamu lakini pilipili hakuna kabisa, jibebee. Jaketi pia, hata Julai, huo upepo si wa Mombasa. Na Juni jua linazama saa nne usiku imepita, so feri ya mwisho ya kurudi iangalie kwa saa, ukingoja giza utalala huko.