Siku tatu Bologna: kalenda kwanza, tiketi baadaye

Wengi wanaoniomba niwapangie safari ya Bologna, Italia, huja tiketi ya ndege wanayo, wanachotaka ni hoteli tu. Nawarudisha nyuma. Mji huu ni wa kale, chuo kikuu chake kinahesabiwa kuanza mwaka 1088, lakini bei ya vyumba haifuati historia wala jua. Inafuata maonyesho ya biashara.

Hatua ya 1: Chagua tarehe

Fungua ratiba ya BolognaFiere, uwanja wa maonyesho ulioko kaskazini mwa mji, kabla hujafungua tovuti yoyote ya ndege. Machi kuna Cosmoprof ya vipodozi, majira ya chipukizi kuna maonyesho ya vitabu vya watoto, Septemba kuna Cersaie ya vigae. Fikiria Sabasaba, halafu kila anayeingia uwanjani awe anahitaji kitanda. Chumba cha kawaida kinaweza kupanda bei maradufu, na wiki inayofuata kikashuka kama hakuna kilichotokea.

Mimi napenda Novemba na Februari, katika wiki zisizo na maonyesho. Watu huogopa mvua, lakini Bologna ina baraza za matao zinazofunika njia za waenda kwa miguu, kilomita 62 zikijumlishwa zote, na UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2021. Unatembea kutwa mzima mwavuli umo kwenye begi. Agosti iache: joto kali, na katikati ya mwezi wenye mikahawa wengi wamefunga wameenda pwani.

Siku za wiki nazo zina neno. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu. Jumamosi na Jumapili barabara kuu za katikati, Via Indipendenza, Ugo Bassi na Rizzoli, hufungwa kwa magari, hata basi hubadilishiwa njia. Raha kwa anayetembea, adhabu kwa anayeburuta masanduku. Fika Jumanne au Jumatano.

Hatua ya 2: Viza

Pasipoti za Afrika Mashariki zinahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, na ukaazi wa Dubai au Muscat haukuondolei hitaji hilo. Unachopata ni nafasi ya kuombea huko unakoishi. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kuliko siku 15. Bima ya matibabu iwe ya euro 30,000 au zaidi, na pasipoti ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku unayotoka. Oda ya hoteli iwe ile inayofutika bure, maana viza haijawahi kumwahidi mtu.

Hatua ya 3: Njia ya kufika

Kwa walio Ghuba, Emirates inatua Bologna moja kwa moja kutoka Dubai. Kutoka Dar au Nairobi unaweza kupitia Dubai au Istanbul, au utue Milano au Roma umalizie kwa treni ya kasi: Milano kama saa moja, Roma saa mbili na kidogo. Tiketi za treni za kasi huwa rahisi ukizikata mapema.

Ratiba zao zimeandikwa kwa saa 24, kwa hiyo 14.05 ni saa nane na dakika tano mchana. Treni za kasi nyingi husimama chini ya ardhi, ngazi za umeme kadhaa kwenda chini. Anayebadilisha treni Bologna ajiachie dakika 15 nzuri.

Ukitoka nje kupitia jengo la zamani, tazama saa ya ukutani. Imesimama kwenye 10.25, saa nne na dakika 25 asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1980, bomu lilipoua watu 85 kituoni hapo.

Kutoka uwanja wa ndege kuna treni ndogo ya juu, Marconi Express, inafika kituoni kwa dakika saba hivi. Nauli inazidi euro 10 kwa safari hiyo fupi. Familia ya watu wanne walinganishe na teksi kwanza.

Hatua ya 4: Kitanda

Lala kati ya kituo cha treni na Piazza Maggiore, uwanja mkuu wa mji. Uliza mapema kodi ya wageni ya manispaa: inatozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni.

Hatua ya 5: Siku zenyewe

Siku ya kwanza ni Piazza Maggiore na jirani zake. Kanisa la San Petronio uso wake umevishwa marumaru nusu tu, juu ni matofali matupu. Ndani, sakafuni, kuna mstari wa mita 67 hivi uliopimwa na mwanafalaki Cassini mwaka 1655. Mwanga wa jua huingia kwa tundu la juu na kuangusha doa, nalo hukata mstari jua likiwa kileleni. Mwanzoni mwa Novemba hilo hutokea dakika chache kabla ya saa sita mchana, katikati ya Februari karibu saa sita na nusu. Wahi usimame kando ya mstari. Doa linasogea huku unaliona.

Ukitoka, pita chini ya tao kubwa la Palazzo del Podestà, jumba la kale uwanjani hapo. Mmoja asimame pembeni akitazama ukuta, mwenzake kona ya mkabala, wanong'one: sauti hupanda tao ikashukia upande wa pili. Watoto hawatoki hapo.

Mchana nenda Archiginnasio, jengo la zamani la chuo kikuu, kwenye ukumbi wa mbao ambamo wanafunzi wa udaktari walitazama maiti zikipasuliwa. Mabomu ya 1944 yaliuvunja, ukajengwa upya. Sanamu mbili za wanaume waliochunwa ngozi, misuli ikionekana mmoja mmoja, ndizo zilizobeba paa la kiti cha mwalimu.

Mnara wa Asinelli, mita 97, usiuweke kwenye mpango kabla ya kuuliza. Ulifungwa mwaka 2023 kwa sababu jirani yake Garisenda, ulioinama, ulitia hofu.

Siku ya pili panda San Luca, kanisa lililo juu ya kilima: matao 666, karibu kilomita 4 kutoka lango la kale la Porta Saragozza. Hadi tao la Meloncello ni tambarare, kisha ni kilima kweli kweli. Mwenye magoti mabovu achukue kitreni cha watalii kutoka Piazza Maggiore.

Hatua ya 6: Chakula, hasa kwa asiyekula nguruwe

Hapa nguruwe hajifichi tu kwenye mortadella, soseji nene ya mji huu. Ragù (mchuzi wa nyama) ya asili ina nyama ya ng'ombe pamoja na pancetta (nyama ya tumbo la nguruwe), tortellini (tambi ndogo zilizokunjwa) hujazwa nguruwe, na crescentine (vipande vya mkate) hukaangwa kwa mafuta yake. Salama zaidi ni tortelloni, tambi kubwa zilizojazwa jibini laini ya ricotta, kwa siagi na majani ya sage. Uliza tu kama hawajanyunyizia vipande vya prosciutto (paja la nguruwe lililokaushwa). Majiko mengi hufungwa alasiri hadi saa moja na nusu usiku. Kahawa inywe kaunta ukiwa umesimama, kukaa mezani kunaweza kukuongezea bei.

Hatua ya 7: Siku ya tatu, Ravenna

Treni ya kawaida hadi mji wa Ravenna huchukua saa moja na dakika kadhaa. Nenda kwa ajili ya michoro ya vijiwe vya rangi ya karne ya 5 na 6, hasa ya kanisa la San Vitale. Tiketi ya karatasi igonge muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo faini. Ya simu ina hatua yake ya kuthibitisha, nayo usiiruke.

Jioni, ukirudi Bologna, pitia Quadrilatero, mitaa ya soko la kale, ununue jibini ya Parmigiano. Mwombe muuzaji akufungie bila hewa. Siki ya Modena ya zaidi ya mililita 100 iende kwenye begi kubwa unalokabidhi kaunta, maana kwenye ukaguzi wa begi la mkononi wanaweza kuibakiza.