Mfuko wa masomo kwa watoto wa askari Lubumbashi: hatua kwa hatua, kuanzia hesabu hadi mtihani wa Serikali

Mwongozo huu ni kwa chama kidogo, kiwe cha parokia, cha wanafunzi wa zamani au cha Wakongo walio ng'ambo, kinachotaka kulipia masomo watoto wa askari wa FARDC (jeshi la Kongo) wa Lubumbashi, hasa mayatima na watoto wa waliojeruhiwa vitani. Kanuni kubwa ni moja: pesa isipitie kwa mtu yeyote mwenye cheo. Ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulioitwa EUSEC, ulioanza mwaka 2005, ulifanya kazi miaka kadhaa kutenganisha njia ya mshahara na njia ya amri, kwa kuwa mshahara uliopitia mikononi mwa makamanda ulimfikia askari ukiwa pungufu. Mfuko wa dola elfu chache hauna kinga zaidi kuliko mshahara wa jeshi zima.

Hatua ya 1: Hesabu kwanza, watoto baadaye

Tangu Septemba 2019 shule za msingi za Serikali, pamoja na zile zinazosimamiwa na makanisa kwa mkataba na Serikali, hazidai ada. Huko mtoto anahitaji tu daftari, viatu na yunifomu ya bluu na nyeupe. Mzigo wenyewe unaanzia mwaka wa saba, darasa la kwanza baada ya shule ya msingi. Kutoka wa saba na wa nane mpaka mwaka wa nne wa humanite (sekondari ya juu) ni miaka 6, na kila mtoto mnayemchukua mwaka wa saba mmemwahidi miaka hiyo yote, hata kama hamkuandika popote.

Tuseme mnakusanya dola 6,000 kwa mwaka. Toeni 600 za uendeshaji (usafiri, fotokopi, makato ya benki) na 900 za akiba. Zinabaki 4,500. Ikiwa mtoto mmoja anakula dola 225 kwa mwaka, mna nafasi 20. Vyama vingi huzijaza zote mwaka wa kwanza, halafu haviwezi kupokea mtoto mpya kwa miaka 6, na mfadhili mmoja akijitoa, darasa zima linakwama. Chukueni watoto 3 wa mwaka wa saba kila mwaka. Mfuko ukifika mwaka wake wa sita mtakuwa na 18, na nafasi 2 zilizobaki ni za wanaorudia darasa.

Pesa inayobaki miaka ya mwanzo inatafuta matumizi, na hapo ndipo kamati hulegea. Walipieni wanafunzi wa mwaka wa mwisho: ahadi yao inakwisha ndani ya mwaka mmoja, na ndio wanaoacha shule kwa kukosa pesa ya mtihani wa Serikali, ule wa kumaliza sekondari.

Hatua ya 2: Chama kiwe na karatasi

Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 ndiyo inayotawala vyama visivyo vya faida. Inataka wanachama wasiopungua 7, katiba iliyotiwa sahihi, na ombi kwa Waziri wa Sheria likiambatana na maoni mazuri ya wizara inayohusika na kazi yenu. Inachukua muda. Mnaposubiri, fanyeni kazi chini ya parokia au chama chenye utu wa kisheria tayari. Akaunti ya benki iwe ya dola, yenye sahihi mbili, na hakuna hata moja kati ya hizo iwe ya askari aliye kazini.

Hatua ya 3: Kuingia kambini

Andikeni barua kwa kamanda wa kambi, iwe Vangu au Kimbembe, mkieleza nia yenu. Ombeni ruhusa ya kutangaza. Msiombe orodha ya majina: mkiiomba mtapewa, na itakuja na wapwa, mashemeji na watoto wa jirani wa Papa Adjudan fulani, mwenye cheo kambini. Bandikeni tangazo kanisani, kwenye kituo cha afya na kwenye shule zinazopokea watoto wa kambi.

Tangazo liwe katika Kiswahili na Lingala. Mji unasema Kiswahili, lakini lugha ya jeshi ni Lingala, na mama wengi walifuata waume zao kutoka mikoa ya mbali. Mama asiyeelewa tangazo atamtafuta mtu wa kumwombea, na huyo atadai matabishi (bahshishi). Andikeni kwa herufi kubwa kwamba fomu ni ya bure.

Hatua ya 4: Faili la mtoto

Hapa ndipo haki inapotendeka au kupotea. Faili kamili lina cheti cha kuzaliwa, bultini (karatasi ya matokeo) ya mwaka uliopita, uthibitisho kwamba mzazi ni askari (kadi ya jeshi au karatasi ya kifo), na jina la mlezi.

Cheti cha kuzaliwa ndicho kigumu. Sheria ya kumlinda mtoto ya 2009 inatoa siku 90 za kumwandikisha mtoto, na watoto wengi wa kambi, waliozaliwa baba akihamishwa huku na huko, hawakuandikishwa. Baada ya siku hizo inahitajika hukumu ya mahakama ya watoto, yenye gharama. Msimkatalie mtoto kwa hilo. Mpokeeni kwa karatasi ya hospitali, ya ubatizo au ya shule ya msingi, kisha tengeni kiasi kwenye zile 900 za akiba ili hukumu hiyo ipatikane kabla hajafika mwaka wa nane, kwa sababu bila jina sahihi diploma yake itakuja na makosa. Wale waliofika Lubumbashi baada ya waasi wa M23 kuchukua Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, na karatasi zikabaki huko, wahesabiwe vivyo hivyo.

Tatizo la pili ni familia ya bureau ya pili, yaani ya mwanamke wa pembeni. Jeshi linamtambua mke aliyeandikwa kwenye faili la askari, na mwingine hana karatasi. Amueni mapema kwamba mwombaji ni mtoto, si ndoa ya mama yake, na mkubali muhtasari wa baraza la familia unaotaja baba. Kwa yatima, muhtasari huo utaje pia mlezi. Ndugu wa marehemu mara nyingi huchukua vitu vya nyumba pamoja na watoto, kisha miezi miwili baadaye watoto wako kwa bibi yao.

Msiandike kikosi cha baba wala mahali anapopigana. Hamhitaji, na daftari likipotea ni hatari kwake. Picha za watoto mtandaoni zikiwa na majina, hapana kabisa.

Hatua ya 5: Kuchagua

Kamati ya watu 5 inatosha, akiwemo mwalimu mmoja na mjane mmoja asiye na mtoto anayeomba. Mafaili yasomwe kwa namba. Uyatima au ulemavu wa mzazi ubebe nusu ya alama, hali ya nyumba theluthi, masomo kinachobaki. Mkianza na masomo, mtawapata watoto wa maofisa. Bultini za kughushi zipo, kwa hiyo linganisheni asilimia na daftari la shule, si na fotokopi.

Hatua ya 6: Kulipa

Ombeni kwa Prefe (mkuu wa shule) bei kwa maandishi kabla hajajua mnaleta watoto wangapi. Shule ikisikia neno mfadhili, bei hupanda. Linganisheni na agizo la gavana linalopanga ada za mwaka. Lipeni kwenye akaunti ya shule, kwa awamu zile zile wanazolipa wazazi wengine, na risiti iwe na jina la mtoto, darasa na kiwango cha kubadilisha dola siku hiyo. Msitume M-Pesa kwenye namba binafsi ya mtu yeyote wa shule, hata akisema benki imefungwa.

Awamu ya kwanza ifike kabla ya Septemba. Ikichelewa wiki tatu mtoto anarudishwa nyumbani, anaaibika mbele ya wenzake, na wengine hawarudi tena hata pesa ikifika.

Hatua ya 7: Katikati ya mwaka

Chukueni bultini baada ya kila semesta. Aliye chini ya asilimia 50 apewe nafasi moja ya kurudia. Msichana aliyepata mimba atunziwe nafasi yake mwaka mmoja. Mzazi akihamishwa, mtoto aondoke na bultini na hati ya kuhudhuria, ambazo shule haitoi ikiwa inadai. Lipeni deni hilo siku hiyo hiyo, kisha msaada umfuate mtoto mara shule mpya inapotuma namba ya akaunti yake.

Kwa mwaka wa mwisho, wekeni ada ya mtihani wa Serikali pembeni tangu Septemba. Hailipwi pamoja na ada za shule, wizara huipanga kila mwaka, na tarehe ya mwisho haingoji. Kumbukeni kwamba insha ya Kifaransa, mtihani wa mdomo na, kwa sehemu za ufundi, kazi ya vitendo hufanywa kabla ya zile siku 4 za mtihani wenyewe. Mwanafunzi wa kambini anayetembea kwa mguu apewe nauli ya siku zote hizo, si ya zile 4 tu.