Umeme umerudi kwa kishindo, kompyuta haiwaki: pima pawasaplai kwanza

Usikimbilie kununua madabodi (bodi kuu); huenda tatizo ni pawasaplai, kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Chomoa waya wa ukutani, kisha toa plagi zote za pawasaplai ndani ya kompyuta: ya pini 24, ya prosesa na za diski. Rudisha umeme, upime kwa multimita waya wa zambarau dhidi ya mweusi kwenye plagi ya pini 24. Lazima mita isome volti 5 hata kabla hujawasha chochote. Ikisoma sifuri, pawasaplai imekufa (ila angalia kwanza fyuzi ya plagi ya ukutani, huungua mara nyingi na bei yake ni ya peremende).

Zambarau ikiwa sawa, chomoa umeme, unganisha kijani na mweusi wa plagi hiyohiyo kwa kipande cha waya, kisha urudishe. Dhidi ya mweusi, njano isome volti 11.4 hadi 12.6, nyekundu 4.75 hadi 5.25, chungwa 3.14 hadi 3.47. Feni kuzunguka si ushahidi. Yenyewe hula volti 12 tu. Nyaya zikiwa nyeusi zote, hesabu pini: kijani ni ya 16, zambarau ya 9.

Pawasaplai yenyewe usiifungue. Kapasita zake (vipande vinavyohifadhi umeme) huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomolewa.