Kupanga upya safu za jedwali la PostgreSQL ili kuokoa nafasi ya diski

PostgreSQL, programu ya hifadhidata, huweka safu (column) kwenye diski kwa mpangilio uleule wa `CREATE TABLE`. `bigint` na `timestamptz` huanzia kwenye baiti inayogawanyika kwa 8, `integer` na `date` kwa 4, `smallint` kwa 2. `Boolean` na `uuid` hukaa popote. Safu isipoangukia mahali pake hutanguliwa na baiti tupu, katika kila mstari.

1. Tazama mpangilio uliopo wa jedwali (hapa `malipo`)

```
SELECT attname, atttypid::regtype, attlen, attalign
FROM pg_attribute
WHERE attrelid = 'malipo'::regclass
  AND attnum > 0 AND NOT attisdropped
ORDER BY attnum;
```

Kwenye `attalign`, d ni 8, i ni 4, s ni 2, c ni 1.

2. Piga hesabu kwa mkono

Tuseme safu, zote `NOT NULL`, ni hizi: imelipwa `boolean`, kiasi `bigint`, aina `smallint`, muda `timestamptz`, tawi `integer`, mteja `bigint`. Baada ya imelipwa kuna baiti 7 tupu, baada ya aina 6, baada ya tawi 4. Data ni 48. Pamoja na kichwa cha mstari cha 24, jumla 72.

Zipange kiasi, muda, mteja, tawi, aina, imelipwa. Data inashuka hadi 31. Pamoja na kichwa ni 55, inayopandishwa hadi 56. Kila mstari una pia kielekezi cha baiti 4, hivyo ukurasa wa baiti 8192 uliokuwa ukibeba mistari 107 sasa unabeba 136.

Kupandishwa huko hadi kizidisho cha 8 ndiko kunakosahaulika. `pg_column_size(ROW(true, 1::bigint))` hutoa 40, na ukigeuza mpangilio hutoa 33, lakini kwenye jedwali mistari yote miwili hula 40. Ikiwa jumla iliyopandishwa haishuki, liache jedwali lilivyo.

`text` na `numeric` ziweke mwisho.

3. Jenga jedwali jipya

`ALTER TABLE` haihamishi safu, wala `VACUUM FULL`. Andika `malipo_mpya` mwenyewe; `LIKE` hunakili mpangilio wa zamani. Kisha:

```
BEGIN;
LOCK TABLE malipo;
INSERT INTO malipo_mpya (kiasi, muda, mteja, tawi, aina, imelipwa)
SELECT kiasi, muda, mteja, tawi, aina, imelipwa FROM malipo;
ALTER TABLE malipo RENAME TO malipo_zamani;
ALTER TABLE malipo_mpya RENAME TO malipo;
COMMIT;
```

Jedwali halisomeki wala haliandikiki hadi `COMMIT`, kwa hiyo fanya saa ambazo watumiaji ni wachache. Indeksi, triga na ruhusa hazihami zenyewe.

4. Kabla ya kufuta la zamani

Kila `VIEW` na kila `FOREIGN KEY` ya majedwali mengine bado imeshika `malipo_zamani`, kwa sababu hufuata jedwali lenyewe, si jina. Ziunde upya. Tafuta pia kwenye programu kila `INSERT` isiyotaja majina ya safu: aina za data zikifanana, thamani huingia safu isiyo yake bila kosa lolote kutokea. Mwisho linganisha `pg_relation_size` ya majedwali yote mawili, ndipo ufute.